Kurejea Amu Baada ya Miaka 27



Wasomaji watukufu, ni nadra kuipata nyumba katika pwani yetu isiyokuwa na mtu wake ng'ambo. Wako walio Muscat, Dubai, Jeddah na Doha. Wako walio London na Toronto. Wengi wao waliondoka wakisema watakaa miaka miwili tu. Miwili ikawa mitano, mitano ikawa ishirini. Kisha siku moja mkataba humalizika, au afya hudhoofika, au mzazi hufariki, na safari ya kurudi hufika kabla moyo haujajitayarisha. Juma hili tumependa kuandika juu ya safari hiyo, kwa kuwa nasi tumeipita. Tuliondoka Amu mwaka 1996 kwenda kusomesha Qur'ani nchini Omani, tukarejea mwaka 2023 pamoja na mama watoto wetu na kijana wetu wa mwisho. Lengo letu ni kuzinufaisha jamaa ambazo leo au kesho zitampokea mtu wao, na kumnasihi huyo arudiye kabla hajafunga masanduku yake.

Yafaa tuanze na huko tulikotoka. Muscat ni mji uliobanwa baina ya majabali makavu na bahari. Ukiingia soko la Matrah jioni, harufu ya ubani wa Dhofar hukupokea kabla hujamwona muuzaji, na mara utasikia nyuma yako mtu akimwita mwenziwe kwa Kiswahili. Jambo hili huwashangaza wageni, lakini kwa watu wa pwani si ajabu. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na zaidi baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwaita wananchi waliokuwa nje, maelfu ya watu wenye asili ya Omani walirejea kutoka Afrika Mashariki. Twasema walirejea, na hali wengi wao hawakupata kuiona Omani maishani mwao. Walizaliwa Unguja, Pemba, Mombasa. Babu zao ndio waliovuka bahari. Walipofika kwa wenyewe wakaitwa Wazinjibari, na wengine miongoni mwao hata Kiarabu kiliwawia kigumu.

Tuliishi nao, tukasali nao, tukala nao wali wa nazi siku za Idi. Wazee wao walikuwa wakitusimulia habari za mikarafuu na za barabara za Mji Mkongwe kana kwamba wameondoka jana. Watoto wao walikuwa Waomani kamili, wasioijua Zanzibar ila kwa masimulizi. Kwao tulijifunza jambo moja ambalo lilitufaa baadaye: kwamba mtu anaweza kurudi katika nchi yake kwa haki kabisa, na bado akahitaji miaka mingi kabla nchi hiyo haijamzoea.

Hali yetu sisi tuliokwenda kwa kazi ilikuwa nyingine. Nchi za Ghuba humpa mgeni riziki, wala hatukanushi fadhila hiyo, lakini kibali cha kukaa hufungamana na kazi. Kazi ikimalizika, ukaazi nao humalizika, hata kama umekaa miaka thelathini, na mtoto aliyezaliwa huko na wazazi wageni hapati uraia kwa sababu ya kuzaliwa peke yake. Kwa hiyo anayeishi Ghuba ajue tangu siku ya kwanza kwamba atarudi; lisilojulikana ni siku yenyewe. Walioko Ulaya na Amerika wamepewa nafasi ya kuchagua, na hao mara nyingi huahirisha mpaka jeneza likawachagulia.

Tulishukia Mombasa, tukalala siku mbili Mji wa Kale kwa jamaa, si mbali na Ngome ya Yesu. Kisha tukapanda basi alfajiri kuelekea kaskazini. Safari hiyo tulikuwa tukiijua kwa vumbi lake. Mwaka tulioondoka, kutoka Garsen kwenda mbele, abiria alifika amevaa rangi ya barabara, na masika yakikaza basi hukwama nyikani usiku kucha. Leo lami imefika mpaka Mokowe. Tulivuka daraja la Kilifi, tukapita Malindi, tukaikata Tana pale Garsen, ambako ng'ombe wa Waorma walikuwa wakiteremka kunywa na mashamba ya Wapokomo yakiwa ya kijani ukingoni. Tukapita Witu, mji uliokuwa makao ya usultani wa Wanabahani waliotoka Pate. Vizuizi vya askari bado viko, na abiria hushuka wakaonyesha vitambulisho. Kijana wetu aliyezaliwa Muscat alionyesha pasipoti yake ya Kenya. Askari aliitazama, akamtazama na yeye, akamwuliza kwa Kiswahili cha bara: 'Wewe ni wa wapi hasa?' Mtoto akajibu, 'Wa Lamu,' kwa lafudhi ya Kiarabu. Basi zima likacheka, naye akacheka pamoja nao, lakini tulimwona akinyamaza mpaka Mokowe.

Tangu Mokowe ni boti. Zamani mashua ya mtambo ilichukua muda wa mtu kuzungumza habari zote za mji; siku hizi boti za mwendo wa kasi hukufikisha kabla hujamaliza kufunga vizuri jaketi la kuokolea. Mji ulitokea vile vile ulivyokuwa ukitokea: safu ya nyumba nyeupe za mawe na chokaa, minara, mitepe ya fikra zetu za utotoni ikiwa imebaki hadithi na majahazi machache yakiwa yametia nanga. Tulipokanyaga bandarini kijana mmoja alitukimbilia, akashika sanduku letu, akasema kwa adabu: 'Karibu Lamu, mzee. Umeshapata chumba? Nikutembeze mji?' Tulimjibu kwa Kiamu. Alisimama, akatutazama tena, akasema, 'Samahani maalim, nalidhani ni mgeni.' Tukamwambia asiombe samahani, kwani ana umri wa miaka ishirini, na sisi tumeondoka kabla hajazaliwa. Kwa hesabu yake yeye, mgeni ni nani kama si sisi?

Adabu za kurejea kutoka safarini zimefundishwa katika dini yetu, na tunaona kila moja ina hekima ambayo msafiri wa siku nyingi huihitaji kuliko mwingine. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza mtu kuwavamia watu wake usiku bila ya kuwapa habari; tukapeleka habari mapema. Na alikuwa akirejea safarini huanza msikitini akasali rakaa mbili kabla ya kwenda nyumbani. Tukaacha mizigo, tukaingia msikiti wa mtaani petu, tukasali. Faida ya sunna hii tuliiona papo hapo. Msikitini mtu haulizwi ameleta nini. Hukaa safuni kama mwingine yeyote, moyo ukatulia, ndipo akaenda kukutana na watu.

Baada ya sala ya adhuhuri tulianza kuuliza habari za wenzetu tuliosoma nao chuoni. Tuliwauliza saba. Watano tukaambiwa ni marehemu. Mmoja alikuwa kavua samaki mpaka macho yakamwisha. Yuko kwake, haoni. Wa saba ndiye aliyekuwa akitujibu, na hatukumtambua mpaka aliposema jina la baba yake. Tangu saa ile tulibadilisha namna ya kuuliza. Hatukusema tena 'Fulani yuko wapi?' bali 'Vipi habari za kwa fulani?' ili anayejibu apate njia ya kutufikishia msiba kwa upole. Tunampa kila anayerudi shauri hili. Jioni ile ile tulikwenda makaburini, na tulikaa huko zaidi kuliko tulivyokaa sokoni.

Mji umebadilika, na hatupendi kusema umeharibika, maana hilo ni neno jepesi kwa mtu aliyekuwa mbali. Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliutia mji wa kale wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia, na tangu hapo kujenga au kubomoa ndani ya mji huo kuna masharti yake. Ngome iliyomalizwa kujengwa mwaka 1821 bado imesimama pale Mkunguni, na wazee bado wapo vibarazani. Punda wangali wanapita Usita wa Mui wamebeba mchanga na matofali, na wenye mabegi wangali wanajibana ukutani kuwapisha. Lakini nyuma ya mji pikipiki za abiria zanguruma, na nyumba kadhaa ambazo tulizijua kwa majina ya mabibi waliozikaa sasa ni za watu wa Ulaya, hufunguliwa miezi michache ya mwaka. Kule Shela ni zaidi. Ng'ambo ya maji, upande wa bara, bandari mpya ilifungua gati lake la kwanza mwaka 2021. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi huo. Waliokwenda mahakamani kudai haki ya bahari yetu ni wale waliobaki. Kila tuliposikia mtu wa ng'ambo akilalamika kwamba Amu si ile, tulilikumbuka jambo hilo.

Hapa ndipo tunapofika kwenye nyumba, maana mrejeaji yeyote hatimaye hufika mlangoni. Nyumba yetu ni ya mawe, ya ghorofa moja juu, yenye daka, kiwanda na misana miwili, na zidaka ndani ambamo mama alikuwa akipanga vikombe vyake. Mama alifariki miaka mitatu kabla hatujarejea. Baba alikuwa amemtangulia. Warithi ni wanne: sisi, ndugu yetu mdogo aliyeko Dubai, dada yetu mkubwa aishiye humo na wanawe, na dada wa pili aliyeolewa Malindi. Nyumba ilikuwa haijagawanywa. Kabla hatujamaliza juma moja, dalali alikuja na mnunuzi wa kigeni na bei ambayo mtu huisikia mara moja maishani. Ndugu yetu wa Dubai alipiga simu: ana watoto wawili chuo kikuu, na yeye aona iuzwe. Dada wa Malindi alisema atafuata watakaloamua wengine. Na sisi tulikuwa tumeota kwa miaka 27 kwamba tutakapostaafu tutakaa katika msana ule, tukisomesha asubuhi na kupunga upepo alasiri.

Tulikaa kikao baada ya isha. Dada yetu alisikiliza wote, na simu ya Dubai ikiwa imewekwa katikati ya mkeka ili nayo isikie. Aliponena hakupandisha sauti. Alisema: 'Ndugu zangu, nyinyi mwaikumbuka nyumba hii, mimi ndiye niipakaye chokaa. Mama nimemwogesha miaka minane. Boriti zilipooza nimezibadilisha. Kama ni kuuzwa, uzeni, ni haki yenu. Lakini msiniambie kwamba nyumba ni ya kumbukumbu zenu.' Hakuna aliyejibu kwa muda, hata wa Dubai.

Tunaomba wasomaji watusamehe kwa kuingia ndani ya hesabu, lakini hesabu ndiyo inayovunja au kuunga jamaa nyingi, na haifai kuonewa haya. Sharia imeweka utaratibu: kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo urithi. Gharama za matengenezo ambazo dada alizitoa kwa idhini ya warithi tulizihesabu kama deni, akalipwa. Kilichobaki ni mafungu sita: kila mwanamume mawili, kila mwanamke moja. Kwa hiyo dada aliyeilinda nyumba alikuwa na sudusi yake tu, na hakuna mtu wa kuilaumu sharia kwa hilo, kwani sharia hiyo hiyo imefungua mlango wa hiba na ihsani kwa anayetaka kuuingia. Tuliyanunua mafungu mawili ya ndugu yetu kwa malipo tuliyopewa tulipomaliza kazi, kwa awamu, ili watoto wake wasome. Tukawa na mafungu manne. Mawili tukampa dada hiba. Sasa yeye ana matatu, yaani nusu ya nyumba. Sisi tuna mawili. Dada wa Malindi ana moja. Yote yaliandikwa na kushuhudiwa mbele ya kadhi, ambaye mamlaka yake katika mirathi ya Waislamu wanaoridhia yamethibitishwa na kifungu cha 170 cha Katiba. Mnunuzi akaenda zake.

Sisi na mama watoto tunakaa sabule, chumba cha juu ambacho wazee wetu walikijenga kwa ajili ya wageni. Asubuhi watoto wa dada hupanda na chai, wakatuita mjomba, kisha hushuka kwenye shughuli zao. Msana wa chini ni wa dada; hapo ndipo anapofuma kofia na kuwapokea wanawake wenziwe, na tunapotaka kupita tunabisha hodi. Kuna siku, hasa magharibi upepo wa kusi unapovuma, tunasikia uzito wa kubisha hodi katika nyumba tuliyozaliwa. Hatuufichi uzito huo. Ila tunajua kwamba mlango ungali unafunguliwa kwa sababu kuna mtu aliyebaki kuufungua.

Katika usiku wa namna hiyo hutujia habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoingia Makka kwa ushindi katika mwaka wa nane wa Hijra. Huo ndio mji aliozaliwa na aliousema kuwa ardhi aipendayo, na asingeutoka lau si watu wake kumtoa. Usama bin Zaid alimwuliza kama atashukia nyumbani kwake. Jibu lake lilikuwa kuuliza iwapo Aqili amewaachia nyumba yoyote. Maana Aqili bin Abi Talib alikuwa amekwisha kuziuza. Mshindi mwenye mji mzima mkononi mwake hakumtoa mtu katika nyumba. Twasoma katika sira kwamba alipigiwa hema. Na mambo yalipotulia hakuhamia Makka. Alirudi Madina kwa wale waliompokea. Akiwa mbora wa viumbe aliridhika na hema katika mji wake, sisi ni nani tusiridhike na sabule?

Yako mambo machache tungependa jamaa zetu wayashike. Aliyeko nje aandikishe hati zake na za watoto wake mapema. Mtoto wa Mkenya ni raia kwa kuzaliwa hata kama amezaliwa ng'ambo, na ndivyo Katiba ya mwaka 2010 inavyosema katika kifungu cha 14. Lakini haki bila karatasi huchosha. Kijana wetu alirudishwa mara nne na ofisi moja kabla hajapata kitambulisho, kila mara kwa karatasi nyingine. Wale waliopoteza uraia wao wa kuzaliwa kwa kuchukua wa nchi nyingine zamani, kifungu hicho hicho kinawapa haki ya kuuomba tena, na cha 16 kinamruhusu raia wa kuzaliwa kuwa na uraia mwingine. Asiyekuwa raia hapati ardhi ila kwa kukodi, isiyozidi miaka 99, kwa kifungu cha 65. Mwenye nia ya kurudi asingoje uzee kulitengeneza hili.

Na mirathi igawanywe ingali mbichi. Nyumba isiyogawanywa humfanya aliyebaki kuwa mlinzi asiye na mshahara, na aliye mbali kuwa mwenye mali asiyeifaidi.

Na waliobaki nao wana wajibu. Msimpokee mrejeaji kwa kumhesabia mabegi. Asiyerudi na mali huenda amerudi na ugonjwa, au na upweke asiouweza kuusema. Mwacheni akosee njia za mji siku mbili tatu bila kuchekwa. Kijana wetu, ambaye Muscat aliitwa Mwafrika na hapa huitwa Mwarabu, sasa anasoma darsa pale Riyadha, katika chuo alichokiasisi Habib Saleh, na Maulidi ya Mfungo Sita yaliyopita alikuwa miongoni mwa waliowagawia wageni maji. Jioni moja alirudi akatuambia kwamba mgeni kutoka Comoro amemwuliza njia ya Langoni, naye akamwelekeza bila kumwuliza mtu. Alilisema kama jambo dogo, akapanda ngazi kwenda kulala.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarejeshe salama watu wetu walio mbali, awalipe kheri waliobaki wakazilinda nyumba na kuwauguza wazee, awarehemu waliotangulia, na ajaalie milango yetu iwe ya kufunguliana. Amin.